Mgongo wa Nani? Historia ya Maumivu na Tiba katika Korogwe na Handeni

Kwa miongo mingi mwanafunzi wa Tanzania alifunzwa kuandika katika insha yake kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa taifa. Ni istiari njema. Imekaa katika hotuba, katika vitabu vya shule na katika mashairi ya magazetini hata ikazoeleka kama salamu, na jambo likizoeleka hakuna tena anayeliuliza maana. Lakini uti wa mgongo si neno tu. Ni mifupa ya pingili, na kati ya pingili na pingili mna gegedu, na ndani yake hupita kamba ya fahamu itokayo ubongoni. Ukichoka huuma, ukioza huporomoka, na ukiporomoka humlaza mwenyewe kitandani asiinuke. Wilaya mbili za Mkoa wa Tanga, Korogwe na Handeni, zina haki ya kuuliza istiari ile ilijengwa juu ya mgongo wa nani. Na jibu lake, ambalo ni la kihistoria, lamfaa hata mtu wa leo aamkaye alfajiri kiuno kimekaza, asijue asubiri, akandwe, au atafute nauli ya hospitali.

Korogwe imelala chini ya milima ya Usambara, kandokando ya Mto Pangani ambao wenyeji wa bara huuita Ruvu. Handeni iko kusini yake, katika nchi ya Wazigua, kavu zaidi, na mvua zake si za kutegemewa. Watu wa visiwani hawawezi kuzitazama nchi hizi kama za mbali. Katika njaa kubwa ya miaka ya 1830 Wazigua wengi walijiweka rehani au waliuzwa ili wapate kuishi. Wengine walivushwa mpaka Unguja, ambako mashamba ya karafuu yalikuwa yakitanuka zama za Sayyid Said. Wengine wakapelekwa kaskazini mpaka bonde la Mto Juba, Somalia, ambako vizazi vyao vimeendelea kusema Kizigua. Kwa hivyo mgongo wa Uzigua uliinama katika ardhi za watu wengine kabla hata mkonge haujajulikana katika upande huu wa dunia.

Kisha zikaja zama za misafara. Njia moja iliondoka Pangani ikafuata mto kupitia Korogwe kuelekea Umasaini na Kilimanjaro. Nyingine iliondoka Saadani ikaingia bara kwa kuikata nchi ya Wazigua. Mzigo wa kawaida wa mpagazi mmoja ulikuwa ratili 60 hadi 70, yaani kilo 30 hivi, na jino la ndovu liliweza kuzidi hapo. Kutoka katika zama hizo Kiswahili kilirithi msemo wa kumpa Mnyamwezi mzigo mzito. Msemo huo husemwa kwa sifa, na Wanyamwezi wenyewe walijivunia upagazi wao. Hata hivyo una hila ndani yake. Unaufanya uwezo wa kubeba kuwa tabia ya kabila, kana kwamba yuko mtu aliyezaliwa na pingili za chuma, na anayesifiwa kwa kutochoka hupata tabu kukiri kwamba amechoka. Maneno ya wahenga yamewaponya wengi. Yapo pia yaliyowafunga watu vinywa.

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vitunguu vya mkonge 1,000 kutoka Florida. Vilivyofika Tanga vikiwa hai vilikuwa 62, na kutokana na hivyo 62 likaota zao lililobadilisha sura ya nchi yote kati ya pwani na Usambara. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba yakaifuata reli kama mchwa wafuatavyo mti. Mashamba yalihitaji watu, na watu hawakuja kwa hiari ya kutosha. Mwaka 1907, katika wilaya iliyoitwa Wilhelmstal, ambayo makao yake makuu ndiyo Lushoto ya leo, utawala wa Kijerumani ulianzisha kadi ya kazi: kila mwanamume alipaswa kumtumikia Mzungu siku 30 katika kila miezi minne. Neno kipande likaingia katika maisha ya watu, na likaendelea kutumika chini ya Waingereza kwa kadi ya siku 30 za kazi.

Baadaye wakaja watu wa mbali: Waha wa Kigoma, Wabena wa Njombe, Wangoni wa Songea, Wamakonde wa kutoka ng'ambo ya Ruvuma, Warundi na Wanyarwanda. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kuajiri, iliyojulikana kwa jina la SILABU, ikiwasomba watu hao kwa malori na treni. Kila aliyeandikishwa alipewa namba, na kutokana na namba hiyo Kiswahili kikazaa neno manamba. Mshairi atatambua mara moja uchungu wa neno hilo: mtu mwenye jina, mwenye mama na mwenye kaburi la babu, aliitwa kwa wingi wa tarakimu.

Kazi yenyewe ilikuwaje? Mkonge hukatwa kuanzia chini, kwa kuwa majani ya chini ndiyo yaliyokomaa. Mkataji huinama mpaka usawa wa goti, akaingiza kisu kati ya miiba, akakata jani, akaondoa mwiba wa nchani, akasogea. Majani alifunga mafungu ya thelathini thelathini, akayatwika begani na kuyapeleka kwenye reli ndogo ya trola, na kutoka hapo yakaenda korona. Hili ni jina la mashine ya kusaga majani na kutoa nyuzi, lililokuwa midomoni mwa watu wa mkonge muda mrefu kabla halijawa jina la maradhi. Malipo hayakuhesabiwa kwa saa. Yalihesabiwa kwa mafungu, na mwenye mgongo mbovu alimaliza kadi yake kwa siku nyingi zaidi. Kuinama, kupinda kiuno na kunyanyua kwa pamoja, maelfu ya mara kwa juma, ndiko kunakochosha gegedu na misuli ya chini ya mgongo kuliko karibu jambo lingine lolote. Tabibu wa leo akiulizwa aeleze kazi ya kumwumiza mtu kiuno, ataeleza kazi inayofanana mno na ile.

Mkonge uliitwa dhahabu ya kijani. Mwaka 1964 uzalishaji wa Tanganyika ulifika kilele chake, tani 230,000 hivi, na nchi ikawa ya kwanza duniani kwa zao hilo. Mwaka 1967 mashamba mengi yalitaifishwa. Nyuzi za plastiki zikashusha bei. Na miongo miwili iliyofuata mengi yakageuka vichaka. Tani zimeandikwa, na bei zimeandikwa. Migomo nayo imeandikwa, ukiwamo ule mrefu wa Mazinde, Korogwe, wa mwaka 1958. Mgongo haukupata daftari la namna hiyo, kwa sababu maumivu yake hayana kidonda cha kuonyesha wala homa ya kupimwa. Mwenye malaria hutetemeka, mwenye kuhara huonekana. Mwenye mgongo husimama mbele ya mnyapara akiwa mzima wa macho na wa miguu, na swali linaloulizwa ni moja: huyu ni mgonjwa au mvivu? Swali hilo halikuzaliwa Korogwe wala halikufia Korogwe. Bado huulizwa katika ofisi, viwandani na majumbani.

Kuna nchi ambako swali hilo lilijibiwa mahakamani. Katika jimbo la California, Marekani, vibarua wa mashamba ya mboga, wengi wao wenye asili ya Mexico, walilazimishwa kupalilia kwa jembe la mpini mfupi uliowafanya wainame kutwa. Wenye mashamba walisema kazi ndiyo inayolitaka jembe hilo. Madaktari walitoa ushahidi kwamba lilikuwa likiharibu migongo ya watu wasiotimiza hata umri wa kati, na mwaka 1975, baada ya Mahakama Kuu ya jimbo hilo kutoa uamuzi wake, jembe fupi likapigwa marufuku. Mazao hayakupotea, mipini ilirefushwa tu. Tanzania ilitunga Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia ukaanza kazi mwaka 2015. Mfuko huo umekusudiwa wenye mwajiri. Mwanamke wa Handeni alimaye shamba lake kwa jembe la mkono, na achotaye maji, hana mwajiri wa kumdai.

Na maji ya Handeni ni sura nyingine ya habari hii. Katika miaka ya 1970 ulijengwa mradi mkubwa unaojulikana kwa herufi HTM, wa kuyavuta maji ya Mto Pangani upande wa Korogwe na kuyafikisha Handeni kwa mabomba. Ulipofanya kazi vizuri, wanawake walipumua. Ulipolegea, ndoo zilirudi vichwani. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 za maji, na uzito huo wote hushuka shingoni na kupita katika kila pingili mpaka kiunoni. Mtoto mgongoni, ndoo kichwani, kuni mkononi: picha hiyo imepigwa na wageni wengi na kusifiwa kwa uzuri wake.

Watu hawa walitibiwaje? Mwanahistoria wa Kimarekani Steven Feierman, ambaye maandishi yake juu ya Usambaa yalianza kutoka katika miaka ya 1970, alionyesha mambo mawili yanayohusika hapa. La kwanza ni kwamba katika Kishambaa kuiponya nchi na kuudhuru mwili wa nchi kulisemwa kwa maneno ya uganga: mfalme mwenye nguvu aliiponya nchi, kuzifya shi, na nchi iliyogawanyika ikasemwa imedhuriwa, kubana shi. Mwili wa mtu na mwili wa ardhi vilisomwa kwa kitabu kimoja. La pili ni kwamba mgonjwa hakuamua peke yake. Ndugu walikaa, wakazungumza, wakaamua kama maradhi ni ya Mungu, yaani yaliyokuja tu kama mvua, au yametoka kwa mtu. Na kutokana na uamuzi huo wakachagua mizizi, tambiko au hospitali. Aghalabu walichagua vyote, kimoja baada ya kingine.

Tiba ya mgongo katika nchi hizo, kama ilivyo pwani na visiwani, ilikuwa na bado ni ya mikono: kukanda kwa mafuta ya moto, kuchua, kupiga chuku, kuchanja chale na kutia dawa, kujifukiza kwa majani. Mwenye elimu ya shule hapaswi kuyacheka haya. Joto hulegeza misuli iliyokaza. Mkono wa mkandaji humpa mgonjwa kitu ambacho foleni ya hospitali haimpi, nao ni muda. Tanzania yenyewe iliitambua kazi hiyo kwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002. Isitoshe, tiba ya kisasa nayo ilikosea kwa muda mrefu katika jambo hili hili. Vizazi vya madaktari viliamuru wenye maumivu ya kiuno walale kitandani majuma kadhaa. Mwaka 1986 watafiti wa Marekani waliwalinganisha wagonjwa walioambiwa wapumzike siku 2 na walioambiwa wapumzike siku 7. Waliopumzika siku chache walirudi kazini mapema zaidi, na hawakudhurika kwa lolote. Leo ushauri umegeuka: mtu asilale, atembee kadiri awezavyo, apunguze mzigo bila kuacha mwendo. Bibi wa Handeni aliyeamka akajinyoosha, akaenda shambani polepole, hakuwa mjinga.

Takwimu zinamuunga mkono. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya chini ya mgongo, na kwamba katika kila wagonjwa kumi, tisa hivi hawana maradhi maalumu yanayoweza kuonyeshwa kwa kidole: ni misuli, ni uchovu, ni namna ya kazi, na wakati mwingine ni dhiki ya moyo. Maumivu mapya ya namna hiyo wengi huwaondoka ndani ya majuma machache. Mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2023 kwa wale ambao maumivu yao yamedumu unapendekeza mazoezi, elimu na tiba ya mikono, na unaonya dhidi ya dawa kali za jamii ya afyuni. Kwa hivyo kusubiri si dhambi. Kusubiri ni tiba kwa walio wengi.

Lakini yupo yule wa kumi. Kwake yeye kusubiri ni kuangamia, na ugumu wote wa jambo hili uko katika kumtambua.

Lugha inaweza kusaidia, na inaweza kupoteza. James Christie, tabibu wa Kiskoti aliyeishi Unguja katika miaka ya 1860 na 1870, alishuhudia mwaka 1870 homa iliyowakunja watu viungo na migongo, na akaandika kwamba watu wa mjini waliiita kidinga pepo, na kwamba wazee waliikumbuka nyingine kama hiyo ya mwaka 1823. Wapo wataalamu wanaoamini kwamba kutokana na jina hilo ndipo dunia ikapata neno dengue, na Kiswahili cha leo kinaiita kidingapopo. Miaka ya 1952 na 1953, katika nyanda za Wamakonde kusini mwa Tanganyika, ulizuka ugonjwa ambao wenyeji waliupa jina lenye maana ya kile kikunjacho mtu, nalo ndilo chikungunya. Lakini wataalamu waliosoma upya maelezo ya Christie wanaona huenda alichokiona Unguja kilikuwa chikungunya, si kidingapopo. Jina moja lilibeba maradhi mawili kwa karne nzima. Neno mgongo hubeba zaidi ya hayo. Mtu akisema "mgongo unaniuma," amesema mahali tu. Sababu bado hajaisema.

Yako maneno mengine ya kale: kibiongo, kijongo, kigongo. Kila mji wa Waswahili ulimjua mtu wa namna hiyo, na katika ngano alipewa ama hekima ama hila. Nundu ya mgongo ina sababu nyingi, nyingine za kuzaliwa nazo. Lakini sababu moja ni ya kale kama piramidi, kwa kuwa imeonekana katika maiti zilizohifadhiwa za Misri: ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Mwaka 1779 daktari wa upasuaji wa London, Percivall Pott, aliueleza vizuri hata ukapewa jina lake. Kijidudu cha kifua kikuu hutoka mapafuni kwa njia ya damu, kikatua katika pingili, kikaila kutoka mbele. Pingili ikishaliwa mbele huporomoka kama ukuta uliochimbwa upande mmoja, mgongo ukapinda, nundu ikatokea. Usaha hukusanyika, hukandamiza kamba ya fahamu, na miguu hufa ganzi, kisha hupooza.

Haya yote hutokea taratibu, kwa miezi, na mara nyingi bila kikohozi hata kimoja. Hapo ndipo watu wanapopotea. Wameambiwa, na kwa haki, kwamba kifua kikuu ni kikohozi cha majuma mawili. Nani atakitafuta kiunoni? Mgonjwa hukandwa, na kukanda kwa nguvu juu ya mfupa unaoliwa ni kuuharakisha. Huchanjwa chale, pengine kwa wembe uliomchanja mwingine. Hununua diklofenaki dukani, ikamtuliza leo na kumtia vidonda vya tumbo kesho. Ndugu hukaa, wakasema ugonjwa huu una mtu. Anapofikishwa hospitalini, amebebwa.

Na uchungu wa kuchelewa huko unazidi ukikumbuka kwamba Tanzania ni mahali ambapo dunia ilijifunza namna ya kuushinda ugonjwa huu. Mwaka 1977 ulianzishwa Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, na katika mpango huo daktari Karel Styblo na wenzake wa Kitanzania walionyesha kwamba hata nchi maskini, kwa dawa zenye mpangilio, usimamizi wa karibu na daftari linalomfuata kila mgonjwa mpaka apone, yaweza kuponya walio wengi. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliutangaza mfano huo kwa ulimwengu mzima. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure, za mfupa kama za mapafu, ila matibabu ya mfupa ni marefu zaidi. Anayewahi kabla miguu haijapooza, mara nyingi hupona kwa vidonge peke yake.

Ni lini basi mtu aache kusubiri? Elimu ya leo ina majibu ambayo mtu yeyote aweza kuyahifadhi kama anavyohifadhi beti.

Yapo ya siku hiyo hiyo, hata usiku: mkojo kuziba au kutoka bila kujijua, choo kikubwa kutozuilika, ganzi katika sehemu zile ambazo mtu huzikalia juu ya tandiko, mguu au miguu kuishiwa nguvu, maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka mnazini, kwenye pikipiki au kutoka garini, na maumivu makali ya ghafla pamoja na homa na kutetemeka. Katika hali hizo za mkojo na ganzi, mishipa ya fahamu ya mwisho wa uti imebanwa, na saa zinahesabika. Ikichelewa kufunguliwa, mtu hubaki hivyo maisha yake yote.

Yapo ya siku chache zijazo, yasiyostahili kungoja mwezi: maumivu yanayozidi usiku na yasiyopungua kwa namna yoyote ya kulala, kupungua mwili, jasho la usiku, homa ndogo za jioni, nundu au mahali pa uti panapouma panapoguswa, mgongo kwa mtoto mdogo, ambaye kwa kawaida halalamiki bure, na ambaye pengine ana selimundu, mgongo mpya kwa mwenye umri mkubwa, kwa kuwa saratani ya tezi dume kwa wanaume na ya matiti kwa wanawake hupenda kuhamia mifupani, mgongo kwa anayeishi na virusi vya UKIMWI, na mgongo wenye homa za kuja na kuondoka kwa mfugaji au mnywaji wa maziwa yasiyochemshwa, kwa kuwa iko homa ya mifugo iingiayo katika pingili.

Na yapo ya kusubiri kwa akili: maumivu yaliyokuja baada ya kazi, yasiyo na dalili hata moja kati ya hizo, yanayopungua mtu akijinyoosha. Hayo yapewe mwendo, joto na uangalifu wa kunyanyua mizigo. Yakipita majuma sita bila kupungua, nayo yamekwisha kuomba tabibu.

Njia ya tabibu inajulikana: zahanati ya kijiji, kituo cha afya, kisha hospitali ya Magunga mjini Korogwe, hospitali ya Handeni au ile ya misheni ya Kwamkono, kutoka hapo Bombo mjini Tanga, KCMC mjini Moshi, ambako wataalamu wa tiba ya viungo hufundishwa pia, au Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, iliyoundwa kisheria mwaka 1996. Njia hiyo ina nauli, ina barabara za vumbi na ina siku za shamba zinazopotea. Hayo ni mazito, na asiyeyalipa asiyadharau. Lakini lipo zito jingine lisilo la fedha, nalo ni haya. Dalili za hatari zaidi ziko katika sehemu zisizotajwa. Mwanamume atasema kiuno, hatasema mkojo. Atakubali kuitwa mchovu kuliko kutaja kwamba hana tena hisia za kiume. Mwanamke atanyamaza mbele ya tabibu kijana aliye sawa na mwanawe. Wahenga waliliona hili waliposema mficha maradhi kifo humuumbua.

Ule utaratibu wa kale wa ndugu kukaa na kuamua haupaswi kufa. Unapaswa kuongezewa maswali. Kikao kilichokuwa kikiuliza kama ugonjwa una mtu kingeweza kuuliza pia: je, anakojoa? Miguu ina nguvu? Analala usiku? Amekonda? Mkandaji naye, ambaye mikono yake huufikia mgongo wa mgonjwa kabla ya daktari yeyote, angekuwa mlinzi wa kwanza kama angejua kusema mbele ya nundu au ganzi, "Huyu si wangu, mpelekeni." Kauli hiyo haimpunguzii mganga heshima. Mganga ajuaye mpaka wa uganga wake huaminiwa zaidi.

Mgonjwa akishafika, swali la kwanza la tabibu mwema huwa ni la historia: tangu lini? Kisha: kazi yako nini? Ulibeba nini, miaka mingapi? Manamba hawakuulizwa hivyo. Namba haiulizwi tangu lini. Anayeulizwa leo na ajibu kwa kirefu, asiache kitu, si mkojo wala usiku. Jibu lake huenda likaanza na ndoo, likapita shambani, likamfikia baba aliyekata mkonge Mwelya au Ngombezi. Tabibu ataandika anachokihitaji.